Waya Nilioukata kwa Baba Naserian

Mwende, mwaitu wangu,

Sikuulizi hali kwa sababu sauti yako naisikia. Uko hapo nje karibu na tangi la maji, Naserian anakusuka nywele za safari, na nyinyi wawili mnacheka mpaka jirani amechungulia. Ni saa tisa mchana. Nimewaambia kwamba niko na redio ya mtu ya kumaliza na nisisumbuliwe. Hakuna redio. Nimefunga mlango wa karakana, nimetafuta daftari lako la zamani lenye kurasa tupu huku nyuma, na nimekaa na kalamu kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake kuandika maelezo.

Nakuita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa jina ulilo nalo ni la mama yangu, na leo hilo linanipa shida. Haya ninayotaka kukueleza, mama yangu mwenyewe nisingethubutu kumwambia.

Mambo ya shuka, ya dawa ya malaria, ya kutoazima sufuria kwa watu usiowajua, mamako amekwisha kuyasema, na akisahau moja atagonga dirisha la gari aliseme. Mimi huko sina la kuongeza. Kilichonikalisha hapa ni kwamba unaenda Nakuru kusomea umeme. Siku moja, pengine muhula huu wa kwanza, mwalimu ataingia darasani na plagi ya pini tatu, ataifungua, atawaonyesha ule waya wa kijani na manjano na kuwaeleza kazi yake. Siku hiyo utaikumbuka nyumba ya kina Naserian. Na kwa kuwa unashika mambo upesi kuliko mimi, utajua. Sitaki umjue baba yako kwa kuelezwa na mwalimu.

Wewe unajua kwamba Mama Naserian alipigwa na stima kwa sababu hakumwagia maji ile nondo ya ardhi, chuma cha kuupeleka udongoni umeme uliovuja, nyuma ya nyumba yao. Umeisimulia mara nyingi, nami nimekuwa nikikusikia. Mama aliyeambiwa anyweshe msumari, akanywesha ndama. Watu hucheka. Hata Mama Naserian mwenyewe hucheka, huku ameuficha mkono wa kulia ndani ya shuka.

Si kweli. Ni mimi, Mwende. Nitakueleza polepole, kwa sababu nikienda haraka nitaanza kujitetea.

Nilipotoka Makueni na kuja Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa palikuwa na safu mbili za maduka, vumbi la simiti, na ng'ombe waliovuka barabara walipotaka. Nilikodi kibanda nikaandika ubaoni kwamba natengeneza redio, kaseti na vyombo vyote vya umeme. Hilo neno "vyote" nililiandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na mdomo. Redio nilizijua, tena nilizijua vizuri, lakini mtu akiniletea kitu nisichokijua sikuwahi kusema sikijui. Nilikunja uso, nikakigeuza, nikasema kiacheni mpaka Ijumaa.

Miaka mingi baadaye Baba Naserian alikuwa ameuza kipande cha ardhi yake kwa watu wa Nairobi, kama wengi walivyofanya wakati ule, akajenga nyumba ya mawe upande wa kwenda Isinya na kuingiza stima. Kisha akanunua ampi mpya, ile mashine ya kukuza sauti, na spika mbili zilizofika kifuani mwa mtoto wa darasa la kwanza. Si kwa maringo. Zamani alikuwa dereva wa mwalimu mmoja wa kigeni huko mjini, na yule mwalimu alipoondoka alimwachia pleya ya santuri na katoni nzima ya santuri. Baba Naserian alikuwa amezihifadhi chini ya kitanda miaka yote, zimefungwa kwa blanketi, akingoja siku atakapokuwa na stima yake mwenyewe. Ndiye aliyekuja kwangu na kuniambia, "Fundi, wewe ndio najua. Kuja uniunganishie."

Nilikwenda nikiwa na begi na maringo yangu. Pleya za santuri nilizozijua mimi ni zile zilizo ndani ya redio kubwa za mbao za zamani. Hizo sindano zake zina nguvu ya kutosha, unaichomeka pleya kwenye ampi moja kwa moja na inaimba. Hii ya Baba Naserian ilikuwa ya namna nyingine. Nilichomeka nyaya zake mbili nyuma ya ampi, mahali pale pale pa kuchomeka kaseti, nikaweka santuri, nikashusha sindano. Ikatoka sauti nyembamba, haina uzito chini, iko mbali.

"Fundi," Baba Naserian akasema, "hii iko na sauti ya mbu."

Nikafungua sauti mpaka mwisho. Mbu akawa mbu mkubwa kidogo. Nikamwambia santuri zimezeeka, kwamba zikilala miaka mingi zinachoka. Uongo mtupu, Mwende, na niliusema nikiwa nimemkazia macho. Kisha, ili kumwonyesha kwamba ampi haina shida, nikageuza swichi kwenda kwenye redio, na sauti nilikuwa sijaishusha. Spika moja ilipasuka pale pale. Nikamwambia hiyo ilitoka dukani ikiwa mbovu. Akaniamini. Akaibeba mpaka dukani na kugombana na mwenye duka, mtu mzima mwenye mvi, kwa ajili ya maneno yangu, mpaka akapewa nyingine.

Wiki iliyofuata nilipanda kwenda Nairobi kwa muuza spea mmoja, mzee wa Kihindi aliyekuwa mpole kwa kila mtu. Nilimwuliza kwa kuzungukazunguka, nikijifanya namwulizia rafiki yangu. Alinielewa mara moja. Akaniambia sindano ya aina ile inatoa sauti ndogo mno, na kwamba kati yake na ampi lazima pawe na kisanduku kinachoiinua kwanza. Wenyewe wanakiita pri-ampi. Akaniambia tena kwamba santuri inapochongwa kiwandani, sauti nzito hupunguzwa makusudi ili mfereji wa sindano usitapakae, na nyembamba huongezwa, na kisanduku hicho ndicho kinachozirudisha mahali pake. Ndiyo maana nilisikia mbu. Kisha akakitoa kimoja kwenye rafu, kipya, akakigeuza na kunionyesha skrubu ndogo nyuma yake. "Pleya iko na waya mwembamba peke yake," akasema. "Hiyo unafunga hapa, usisahau. Ukiiacha, itanguruma." Alisema hivyo. Mimi nilikuwa natazama saa.

Sikukinunua. Ningekinunua, Baba Naserian angejua kwamba siku ya kwanza sikujua nilichokuwa nafanya. Nilirudi nikamwambia santuri zilizochoka zinahitaji kisanduku ambacho hakipatikani Nairobi nzima, ila mimi nitamtengenezea. Na nilikitengeneza, hapa hapa kwenye meza hii ninayoandikia, ndani ya kopo la biskuti, kwa transfoma niliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Waya wa stima niliupitisha kwenye tundu nililolitoboa kwa msumari. Kwenye tundu kama lile unatakiwa kuweka pete ya mpira, ili makali ya bati yasiule waya. Sikuwa nayo siku hiyo. Nikazungusha tepu.

Nikuambie na hili, kwa sababu nalo ni kweli: kilifanya kazi. Nilipokiunganisha, muziki ulijaa ile nyumba. Baba Naserian alisimama katikati ya sebule na rungu lake mkononi, machozi yanamtoka na hayafuti. Mama Naserian alitoka jikoni akasimama mlangoni, akasema, "Ashe oleng, Fundi," asante sana. Wewe na Naserian mlikuwa mmetoka shule, darasa la sita, mkatupa mikoba mkacheza. Nilijiona mtu mkubwa. Sijawahi kujiona hivyo tena na sitaki.

Ila wimbo ulipokwisha, chini yake ulibaki mvumo. Baba Naserian akainamisha kichwa.

"Ni nini hiyo inanguruma? Ni kama ng'ombe iko ndani ya ukuta."

Ule waya mwembamba wa pleya nilikuwa nimeusukuma chini ya zulia, kwa sababu sikuona mahali pake. Kopo langu halikuwa na skrubu. Kama ningekumbuka maneno ya mzee wa spea, ningetoboa tundu moja, nikafunga skrubu moja, na ningekuwa nyumbani kabla ya chai. Sikukumbuka, na watu walikuwa wamenizunguka wakinitazama. Basi nikafungua plagi ya kopo na kuukata ule waya wa kijani na manjano. Mvumo ukapungua. Nikafungua plagi ya ampi nikaukata na wake. Ukapungua zaidi, mpaka muziki ukaufunika. Nikafunga plagi zote mbili vizuri, skrubu zimekaza. Kwa nje hakuna mtu angeona kitu.

Usije ukasema baba hakujua. Kila mtu anayeshika stima anajua kazi ya waya ule. Ukiwepo, siku umeme ukivuja kwenye bati la chombo, utakimbilia ardhini na fyuzi itakatika. Usipokuwepo, umeme unabaki pale kwenye bati ukingoja mtu. Nilijiambia ni kwa leo tu, nitarudi. Nilipita mbele ya nyumba ile mara ngapi baada ya hapo, nikipunga mkono.

Sasa ile nondo. Fundi mwingine, aliyeweka nyaya za nyumba, ndiye aliyepigilia nondo ya shaba nyuma ya jiko, kama inavyotakiwa. Udongo wetu huku ukikauka haupokei umeme, kwa hiyo alifanya wanavyofanya mafundi wa huku: akachimba shimo, akatia makaa na chumvi, akamwambia Mama Naserian amwage mtungi mmoja wa maji kila Jumamosi wakati wa kiangazi. Mama Naserian alicheka siku hiyo, lakini alitii. Mwende, yule mama alichota maji akamwagia ile nondo Jumamosi baada ya Jumamosi, na mimi nilikuwa nimekwisha kukata njia ya kufika hapo kwa vile vyombo viwili. Nilimwona akifanya hivyo. Aliniambia, "Naona napea shamba ya chuma maji, Fundi." Nikacheka naye.

Kisha ukaja ule ukame uliomaliza ng'ombe. Unaukumbuka. Mizoga kando ya barabara mpaka Kajiado, na maji yakifuatwa mbali kwa punda. Jumamosi moja Mama Naserian aliosha sakafu kwa maji kidogo aliyokuwa nayo, akaanza kufuta vumbi kwenye vyombo vya mumewe kwa kitambaa kibichi. Miguu mitupu, sakafu haijakauka. Muziki ulikuwa unalia. Alishika kopo langu ili afute chini yake, na mkono ukakataa kuachia. Baba Naserian alimsikia, akaingia akalipiga kopo kwa rungu mpaka likaanguka. Kama angelishika kwa mkono, ningekuwa nakuandikia juu ya watu wawili.

Walinitumia mtu. Nilipofika, alikuwa amelazwa kitandani, akisubiri gari la kumpeleka hospitali ya Kajiado, vidole vya mkono wa kulia vimejikunja na kuungua. Kopo lilikuwa sakafuni. Niliinama nikaliona mara moja: tepu imeliwa, waya umechubuka pale kwenye tundu na kugusa bati. Hakuna mtu aliyeniuliza chochote. Walikuwa wananitazama kama daktari.

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya jiko, nikaitazama ile nondo. Udongo ulikuwa umepasuka, mkavu kama jivu. Baba Naserian alinifuata na wazee wawili wa jirani.

Nikasema, "Hii haijamwagiwa maji."

Maneno matatu. Sikumtaja mtu. Sikuhitaji. Baba Naserian aligeuka akaingia ndani, na nilimsikia akimwuliza mkewe kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, na nikamsikia akijibu. Kisha nikaikata na plagi ya ampi, nikachukua kopo na plagi zote mbili nikisema naenda kuvikagua. Nilivitupa chooni kwetu jioni hiyo.

Ukweli ni huu, na mwalimu wako atakuthibitishia: hata kama Mama Naserian angemwaga pale bwawa zima, angechomwa vile vile.

Nilimtembelea hospitali siku ya tatu, na matunda. Alikuwa amefungwa bendeji mpaka kiwiko. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Akaniambia, "Pole Fundi, nimekuharibia kazi yako. Ile Jumamosi ingine maji ilikuwa kidogo, nikapea ndama." Aliniomba msamaha, Mwende. Mimi. Nami nilimjibu, "Usijali, Mama, ni bahati mbaya." Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia asijali. Alipotoka hospitali hakutaka kumwona yule ndama, wakamwuza.

Vidole havikunyooka tena. Unajua alivyokuwa na mkono wa shanga. Mabibi harusi wa huku kote walivaa kazi yake. Mkono ule haukuweza tena kushika sindano, wala kukamua, wala kufunga mtungi kwenye punda. Naserian alikuwa binti wa kwanza. Muhula uliofuata dawati lake lilikuwa tupu.

Ukaja kuniuliza. Ulisimama hapo mlangoni, na sare yako ya shule, ukasema, "Baba, mbona Naserian hakuji shule? Na amekuwa number two kwa darasa."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikakuambia, "Hawa Wamaasai ndivyo walivyo. Hawapendi kusomesha wasichana."

Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha. Kukata waya kulikuwa ni ujinga wa mtu mwenye kiburi. Maneno ya nyuma ya jiko yalikuwa woga. Lakini hili nililifanya nimetulia, na kwa mtoto wangu. Baba Naserian alimwomba mwalimu mkuu amwekee binti yake nafasi, akaomba muhula mzima, mpaka alipoona nyumba haisimami bila mikono ya yule msichana. Nilijua hayo, mwalimu mkuu aliniambia mwenyewe. Na nikakuambia hawapendi.

Wewe ukalichukua ukalifanya lako. Sikulaumu. Nilikusikia ukimwambia shangazi yako, kwa sauti yangu kabisa, namna ninavyokunja mdomo. Kisha nikasikia umemwambia Naserian mwenyewe, kisimani, mbele ya wengine. Mlikaa karibu mwaka hamsemezani. Mamako alidhani ni mambo ya wasichana. Aliyewapatanisha ni Naserian, siyo wewe, na hakukuambia kwa nini aliacha shule, kwa sababu angekuambia ni kosa la mamake, na hangeweza kumsema mamake vibaya. Anaamini hivyo mpaka leo. Wote wanaamini. Wamejenga nyumba nzima ya lawama juu ya mama mmoja, na msingi ni maneno yangu matatu.

Mimi hakuna lililonipata. Hilo ndilo lililo chungu zaidi kulielewa. Nilingoja miaka yote kitu kinipate, na kila mwaka niliheshimiwa zaidi. Niliacha kabisa kushika vyombo vya stima kubwa, nikabaki na redio za betri, na watu wakasema fundi yule ni mwangalifu, hachezi na maisha ya mtu. Nimechaguliwa kamati ya shule kwa sifa hiyo. Baba Naserian hakuniita tena kuunganisha pleya yake. Siyo kwa chuki. Aliifunga tena kwenye blanketi akairudisha chini ya kitanda, akisema hataki mke wake aone aibu kila akiisikia. Na kila Krismasi wanatuletea maziwa, nawe huyapokea pale langoni na kushukuru kwa Kimaasai chako cha kubahatisha.

Nimejaribu kusema mara moja. Mwaka juzi nilivaa shati safi nikatembea mpaka kwao. Mama Naserian aliniletea chai kwa mkono wa kushoto, kikombe kinatetemeka kwenye sahani, kwa sababu mkono ule haukuzaliwa kwa kazi hiyo. Akakaa, akanitazama, akangoja. Nikauliza habari za mvua. Tukaongea juu ya mvua mpaka chai ikaisha, nikaaga.

Mamako hajui neno. Nakuambia wewe kwanza, na najua si haki kukutwika mzigo huu siku unapoondoka, ungali msichana wa miaka ishirini mwenye sanduku jipya. Baba mwema angekwenda kwanza kwa Mama Naserian, kisha aje kwako na habari iliyokwisha. Mimi sijawahi kuwa mwema upande huo. Wala usifikiri naandika ili unisamehe. Aliyeungua si wewe, na aliyeacha shule si wewe. Msamaha wako utanifaa nini? Ningeukubali haraka na kulala vizuri, na ndipo ningekuwa nimemaliza kabisa.

Kuhusu kazi unayoiendea, nitasema lile tu ninaloweza kulisema bila kuona haya. Utakuwa mzuri kuliko mimi. Watu wataanza kukutazama nilivyotazamwa mimi, wamekuzunguka kwenye sebule yao, wanangoja. Hapo utasikia maneno "hii siijui" yakija kooni, na utahisi ukiyasema utapungua. Yaseme. Nenda ukaulize, urudi kesho. Mimi nilipewa jibu bure, na mzee mpole, skrubu yenyewe iko mkononi mwake, na nilikuwa natazama saa.

Kesho asubuhi Naserian atakuja kukubebea sanduku mpaka steji ya magari. Amekwisha kuniomba ruhusa, kwa adabu yake, na nimemkubalia. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako uione ukishafika. Nilifikiria kukupa mkononi mapema, usome kabla hajaja. Sikuthubutu. Niliogopa kusimama pale barabarani nyinyi wawili mkinitazama pamoja, mmoja anajua na mwingine hajui. Kwa hiyo kesho utamkumbatia kama kawaida na kumwambia mtaandikiana, na mimi nitakuwa nimesimama kando nimeshika mkoba wako, nikijua. Ukishasoma hapa, utaikumbuka sura yangu ya asubuhi, na utaniona nilivyo.

Ningependa kumalizia kwa kukuambia kwamba Jumapili hii nitakwenda kwao, nimkalishe Mama Naserian na mumewe na binti yao, niwaambie waya niliukata mimi, na kwamba maji yake hayakuwa na kosa, wala ndama. Nimeiandika sentensi hiyo na inaonekana nzuri kwenye karatasi. Lakini usiiamini. Nimejiambia hivyo Jumapili nyingi, na kila Jumatatu nimefungua karakana.

Ndiyo sababu nimekuambia. Sasa kuna mtu mmoja duniani anayeweza kuniuliza. Ukifika Nakuru nipigie simu, na kabla ya kunisalimia, kabla ya kunieleza chumba kikoje, niulize kama nimekwenda. Nikikuambia habari za mvua, kata simu, unipigie tena kesho yake, uniulize tena. Usinionee huruma kwa sababu ni baba yako, na usingoje mpaka nizeeke. Usiponiuliza, Mwende, nitanyamaza. Najijua.

Baba yako